Shujaa wa Sare ya Shule Bado Hajafika Likoni

Kabla ya shule, nguvu za ajabu katika pwani yetu zilikuwa mikononi mwa wanawake wazima. Mepoho wa Wagiriama husimuliwa kuwa aliwatabiria watu wake kuja kwa wageni wa rangi nyingine, na vyombo vitakavyopita angani na nchi kavu, kisha akazama ardhini asionekane tena. Mwana Mkisi anatajwa na wazee wa Mombasa kuwa malkia wa mji ule ulioitwa Kongowea. Mekatilili wa Menza, alipozunguka vijijini mwaka 1913 akicheza kifudu na kuwaapisha Wagiriama wasitoe kodi wala vijana wao kwa Mwingereza, alikuwa mjane mwenye watoto wakubwa. Serikali ilimkamata Oktoba mwaka huo ikampeleka mbali, magharibi mwa Kenya. Alitoroka, akarudi kwao kwa miguu, na mwaka 1914 akakamatwa mara ya pili.

Msichana wa miaka 14 hayumo katika orodha hiyo, wala si kwa kusahauliwa. Nafasi yake haikuwapo. Katika nyumba nyingi za Waswahili wa Mombasa, aliyevunja ungo aliitwa mwari, akatawishwa ndani, somo wake akaja kumfunda mambo ya mwili, ya ndoa na ya kutunza siri. Baada ya muda mfupi alitolewa kuolewa. Kati ya mtoto na mke palikuwa na chumba kimoja na miezi michache, na hadithi haipati pa kukua katika muda mdogo namna hiyo. Nguvu alizofundwa zilikuwa za kweli, ila zilikuwa za ndani ya mlango.

Ndiyo maana nasema kwamba shujaa wa kike mwenye sare na mkoba, anayeokoa mji usiku na kufanya hesabu asubuhi, amezaliwa na shule. Pasipokuwa na shule ya upili, hayuko. Shule ndiyo iliyompa msichana miaka ambayo si mtoto tena na bado si mke wa mtu, ikampa marafiki wasio ndugu zake, na njia ya kwenda na kurudi ambayo mama haioni. Historia ya shujaa huyu ukiifuata kwa makini, utaona kila mahali alipotokea, darasa lilitangulia.

Kwetu bara ya Mombasa darasa lilianza Kisauni. Mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sir Bartle Frere kumshinikiza Sultani Barghash atie sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) wakiongozwa na William Salter Price walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa wakakiita Frere Town. Manowari za Waingereza zilizikamata jahazi baharini, na waliokutwa ndani, wengi wao watoto, waliletwa hapo. Kengele iliyowaita sala na kuwaonya hatari inapokaribia bado iko, pale Kengeleni, na abiria wa matatu za Nyali wanaipita kila siku.

Wasichana wa Frere Town walilala bwenini, wakafundishwa kusoma, kuandika na kushona. Mpango wa wamishonari haukwenda mbali zaidi ya kuwapatia vijana wa misheni wake Wakristo. Hata hivyo, tazama hali yenyewe: mtoto aliyetolewa kwao Nyasa au Uyao, akaivuka nchi kwa mnyororo, akanusurika jahazini, sasa amekaa kwenye benchi Kisauni na kibao cha kuandikia mapajani. Kama kuna msichana katika historia yetu aliyestahili kuitwa mwenye nguvu zisizo za kawaida na wakati huohuo akatakiwa kukariri herufi, ndiye huyu. Wamishonari waliandika barua nyingi kuhusu watoto hawa. Watoto wenyewe hawakuandikiwa kitabu hata kimoja cha ushujaa, na hasara hiyo naihesabu kuwa kubwa kuliko tunavyoikiri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Daraja la kuelea la Nyali lilijengwa 1931, na huduma ya feri ya Likoni ikaanza 1937. Kisiwani, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akiwahimiza Waislamu wa Mombasa kupitia gazeti lake *al-Islah*, lililoanza 1932, wasiwaache watoto wao nyuma kielimu, wa kike wakiwamo. Mwishoni mwa muongo huo shule ya serikali kwa wasichana wa Kiarabu ilifunguliwa mjini. Msichana wa Kidigo wa Mtongwe au wa jamii nyingine ya Kimijikenda wa Changamwe hakuwa na njia nyepesi ya kuifikia elimu ya juu zaidi. Shule ya upili ya kwanza kujulikana kwa wasichana wa Kiafrika nchini ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1948, safari ya kutwa nzima kutoka baharini.

Marekani ilikuwa imetangulia. Kufikia 1940 takriban nusu ya vijana wa umri wa miaka 17 huko walikuwa wanamaliza shule ya upili, jambo ambalo halikuwahi kutokea popote. Na tazama kilichofuata. Mwishoni mwa 1942 mwandishi Otto Binder na mchoraji Marc Swayze walimleta Mary Marvel, binti wa shule anayetamka neno moja akapata nguvu za kuruka. Mwaka 1959 Binder huyohuyo, na mchoraji Al Plastino, wakamleta Supergirl. Jina lake ni Kara, ametoka sayari nyingine, na binamu yake Superman anampeleka katika nyumba ya mayatima mji wa Midvale. Huko anaitwa Linda Lee, anavaa nywele bandia za kahawia, na ameamriwa asimwonyeshe mtu nguvu zake. Akihitajika kwingine, humtoa roboti anayefanana naye kutoka katika shina la mti lenye pango, amkalie darasani. Aliishi hivyo karibu miaka mitatu, mpaka mwaka 1962 binamu yake alipoamua kuwa sasa ulimwengu unaweza kumjua.

Hapo pananiudhi kila ninapopasoma. Superman hakuomba ruhusa ya mtu kuwa Superman. Msichana mwenye nguvu zilezile alisubiri aambiwe. Somo wa Mombasa angeielewa hadithi hii bila kufafanuliwa: nguvu unazo, ila zikae ndani mpaka mkubwa aseme.

Fasihi yetu ya Kiswahili ilipomfikia msichana wa shule, ilimpa hatari badala ya nguvu. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika *Rosa Mistika* ya 1971, anatoka Ukerewe kwa baba mkali, anaingia shule ya wasichana, na dunia inammaliza hadi anajiua. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku kwa muda mashuleni Tanzania. Maimuna wa Said Ahmed Mohamed, katika *Utengano* ya 1980, anafungiwa nyumbani na baba yake Maksuudi, anatoroka, na kutoroka kunamtumbukiza penye biashara ya miili. Ni vitabu vikubwa, na ukweli wake hauna ubishi. Kenya *Utengano* imesomwa na wanafunzi wengi wa upili kama kitabu cha mtihani. Lakini fikiria msichana wa kidato cha tatu anayevisoma mfululizo. Anajifunza kwamba msichana akitoka mlangoni huangamia. Hakuna kitabu katika rafu hiyo kinachomwonyesha akitoka mlangoni akauokoa mtaa.

Kenya iliingia katika vitabu vya mashujaa wa Marekani kwa mlango wa ajabu. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum walimbuni Ororo, mwanamke mweusi mwenye nywele nyeupe, anayeamuru mvua, upepo na radi. Mwandishi Chris Claremont akamtungia nasaba: mama yake ni binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya, baba yake mpiga picha wa Marekani, wote wawili wakafa Cairo wakati wa vita vya Suez mwaka 1956. Mtoto akabaki mwizi wa mitaani, kisha akaufuata wito wa damu kuja huku, na alipobaleghe nguvu zikamjia, watu wakamwabudu. Haikuwa Kenya ya kweli. Hata hivyo, hadithi hiyo iligusa kitu tunachokijua, kwa sababu kuomba mvua ni kazi ya wazee wa kaya, na misitu mitakatifu ya Wamijikenda inazunguka Mombasa kutoka Kwale hadi Rabai na kuendelea. UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Mtoto wa Miritini hahitaji kuelezwa mvua inavyoombwa. Ambacho hakuwahi kusikia ni kwamba binti wa rika lake angeweza kuiamuru.

Wajapani ndio walioipanua njia hii, na sitakaa hapa sana. Tangu mwishoni mwa 1991 Naoko Takeuchi alichora *Sailor Moon*, ambaye jina lake la shule ni Usagi, miaka 14, mchelewaji, mlizi, mwenye alama mbovu za mtihani. Alifunza watoto wa dunia nzima kwamba shujaa anaweza kufeli hesabu.

Machi 1997 runinga ya Marekani ilianza kuonyesha *Buffy the Vampire Slayer*, msichana wa shule ya upili ya kubuni ambaye chini ya maktaba yao kuna mlango wa jehanamu. Usiku anapigana na mazimwi, mchana mwalimu mkuu anamwita ofisini kwa utoro. Hadithi hiyo ilisifiwa kwa jinsi ilivyoyageuza mateso ya ujana kuwa mashetani yanayoonekana kwa macho.

Miezi mitano baadaye, Likoni, nguvu za ajabu zilitoka katika hadithi zikaingia mitaani.

Vijana wa kiume walikuwa wamekusanywa msituni Kaya Bombo, Kwale. Walilishwa kiapo, wakachanjwa, wakapewa hirizi, wakaambiwa risasi hazitawadhuru. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha feri. Waliwaua polisi 6, wakachukua bunduki, kisha wakawageukia majirani zao waliotoka bara ya nchi: Waluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya. Nyumba na vibanda vilichomwa. Kwa majuma kadhaa watu zaidi ya 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakahama makwao. Maelfu walijazana katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba, na Tume ya Jaji Akiwumi iliyoundwa mwaka uliofuata ilisikiliza ushahidi wa jinsi siasa ilivyoichochea ghasia hiyo.

Naliweka jambo hili katikati ya makala kwa makusudi. Watu wa Likoni hawahitaji kufundishwa kwamba imani ya nguvu zisizo za kawaida ina uzito. Wameiona ikishika panga. Na wameona ilikabidhiwa nani: wavulana, na nyuma yao wanaume wazima waliokuwa na hesabu zao za kura. Wasichana walipewa sehemu nyingine. Mitihani ya kitaifa ilikuwa miezi michache mbele, na kuna waliokuwa wakilala nje ya kanisa bila vitabu wala sare, wengine wakapakiwa mabasi kurudi vijijini ambako hawajawahi kuishi, na familia nyingi hazikuvuka feri tena. Hakuna aliyewachora. Buffy aliandikiwa misimu 7.

Iko hadithi moja ya ng'ambo ambayo naamini ingesomeka Kisauni kana kwamba imeandikwa Kisauni. Mwaka 2013 Sana Amanat, mhariri wa Marvel mwenye asili ya Pakistani, pamoja na mhariri mwenzake Stephen Wacker, mwandishi G. Willow Wilson na mchoraji Adrian Alphona, walimtoa Kamala Khan, na Februari 2014 akapata jarida lake mwenyewe. Ana miaka 16, anaishi Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York. Ni Mwislamu, wazazi wake wametoka Karachi. Anataka kwenda sherehe usiku, baba anakataa, anatoroka dirishani. Njiani ukungu wa ajabu unamfunika, na anaamka na mwili unaoweza kurefuka, kukua na kupungua.

Jambo la kwanza linalomtokea ni kugeuka mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za dhahabu, kwa kuwa ndiyo sura pekee ya ushujaa aliyoizoea. Nguo zinambana, nywele zinamziba macho. Inambidi ajifunze kuokoa watu akiwa na sura yake mwenyewe. Vazi lake analishona kutokana na vazi la kuogelea la stara lililokuwa kabatini. Nyumbani mama ana wasiwasi, baba ana upendo na marufuku, kaka yake amezama katika ibada. Wazazi wanampeleka kwa sheikh wa msikiti wao aonywe. Wengi tungetarajia karipio. Sheikh anamsikiliza, kisha anamwambia kwamba kama ni lazima afanye hilo analolificha, alifanye kwa ujasiri na unyofu, na atafute mwalimu.

Kitabu hicho kilishinda tuzo ya Hugo mwaka 2015, na mwaka 2022 kikawa tamthilia, Iman Vellani akiigiza. Sifa hizo ni halali, lakini mimi navutiwa zaidi na mpangilio wa siku ya Kamala, maana ndio mpangilio wa msichana wa Bombolulu au Bamburi: shule, nyumbani, chuoni kwa Qurani, mdogo wa kuangalia, mji mkubwa unaoonekana ng'ambo ya maji. Kinachompata si balaa kwa sababu ametoka mlangoni. Mwandishi amempa nguvu na wazazi kwa pamoja, wala hakumlazimisha achague.

Huku nyumbani tumeanza, ingawa si pwani. *Shujaaz*, jarida la katuni la Sheng lililozinduliwa 2010 na kugawiwa bure ndani ya gazeti la *Daily Nation*, lilimleta Boyie, kijana aliyemaliza shule bila kazi, ambaye kwa siri ni DJ B wa redio ya kujitengenezea chumbani. Maisha mawili, jina la siri, mtaa unaomsikiliza bila kumjua: muundo wote wa shujaa upo, kwa mvulana. Mwaka 2018 Likarion Wainaina alionyesha *Supa Modo* katika tamasha la Berlin. Jo ana miaka 9, anaumwa ugonjwa usio na dawa, anapenda sinema za mashujaa, na kijiji kizima kinakubaliana kumfanya aamini kwamba ana nguvu. Stycie Waweru alimwigiza kwa namna ambayo sijaona mtoto mwingine wa Kenya akiigiza. Kenya iliipeleka filamu hiyo kuwania Oscar. Kijiji chake cha kubuni kinaitwa Maweni, jina ambalo mkazi yeyote wa Kongowea au Likoni analijua kwa mtaa wa kwao. Lakini ni mtoto, na anakufa.

Kisha Zambia ikafanya kilichotakiwa. Malenga Mulendema alipeleka wazo lake katika shindano la studio ya Triggerfish ya Cape Town mwaka 2015, akiuliza kwa nini mashujaa wa runinga ya utotoni mwake hawakufanana naye hata mmoja. Julai 2023 Netflix ilianza kuonyesha *Supa Team 4*: wasichana wanne wa shule wa Lusaka, Monde, Komana, Temwe na Zee, wanaokusanywa na bibi mmoja, Mama K, jasusi mstaafu. Mchoraji Malcolm Wope wa Cameroon aliwapa nywele, mapambo na mwendo wa wasichana wa Afrika mjini. Ilikuwa katuni ya kwanza ya Afrika kuagizwa na Netflix. Nguvu zao zinatoka katika mitambo na akili, na mji wanaouokoa una basi, soko na mwalimu anayefoka.

Lusaka sasa imo katika ramani ya mashujaa. Jersey City imo, Tokyo imo. Likoni haimo, na sioni sababu nyingine ila kwamba hakuna aliyekaa akaiandika. Masharti yote yametimia. Elimu ya msingi bila karo ilianza Januari 2003, serikali ikaanza kulipia masomo ya upili 2008, na tangu 2017 sheria inaitaka serikali impe msichana wa shule sodo bure. Darasa tulilolikosa wakati wa Binder tunalo. Saa kumi na moja alfajiri wasichana wa Mtongwe na Shelly Beach wako kwenye foleni ya feri. Jioni wa Kisauni wanaharakisha kurudi kabla giza halijaingia, kwa kuwa wanajua njia zipi makundi ya vijana wenye mapanga hupita. Wanafanya hivyo wakiwa na mtihani wa kemia kesho. Mwandishi wa hadithi hahitaji kubuni hatari yoyote.

Kwa hiyo naomba. Wachapishaji wa Nairobi mnaotafuta vitabu vya ziada vya Kiswahili: agizeni kitabu cha katuni chenye msichana wa Changamwe anayesema Kimvita, anayesali au anayekwenda kanisani, mwenye mama anayeuza viazi karai, mwenye nguvu. Serikali ya kaunti: wachoraji mnao, wanapaka rangi tuktuk na matatu kila siku, wapeni kurasa. Waandishi wa pwani: kiwekeni kitabu hicho bei ambayo mwanafunzi anaweza kulipa kwa nauli aliyobakiza, kiuzwe pale kwenye kivuko. Na wewe mzazi, ukimkuta binti yako amechora mtu anayeruka juu ya bandari ya Kilindini nyuma ya daftari lake la hesabu, usiuchane ukurasa huo. Muulize anaitwa nani.